Waliompigia Magoti Taban

Kisenyi, Kampala
2 Septemba 1996

Mwanangu Taban,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mezani unakula, maana kila nikikuwaza nakuona una njaa, ingawa Akram anasema ukija leo mlango wetu hautakutosha. Sisi ni wazima, Alhamdulillahi. Goti linanisumbua nikishuka Ggaba kununua samaki, lakini nikishawakaanga na wateja wakianza kugombania vichwa, maumivu nayasahau. Dada yako Sumayiya ana mimba ya pili na hasira za mimba ya kwanza. Akram naye ameacha kuuza vipuri; amefungua kibanda cha video nyuma ya gereji, ana mashine mbili na mabenchi, na watu wanajaa. Mimi nilimzaa nikidhani nazaa fundi.

Barua yako ya Agosti ilifika juzi. Unasema baada ya mwaka mzima wa kukaa pembeni sasa wamekuchagua, utaanza mchezo pamoja na wakubwa. Nimefurahi mpaka nimewaambia watu ambao sisemi nao. Lakini nikishamaliza kufurahi, nalala na maswali. Mwanzoni ulisema unacheza mpira wa miguu, nikatulia, mpira wa miguu naujua. Kumbe wenu unashikwa kwa mikono, na wewe hata huushiki. Kazi yako ni kumwangusha aliyeushika. Huyo mtu amekukosea nini? Na anayewaangusha watu kila wiki, yeye anaangushwa na nani?

Nijibu hayo, na usinizunguke. Nilikulea tangu ukiwa na miaka sita, kwanza kule ukimbizini Sudan, halafu hapa tuliporudi baada ya vita vya themanini na sita, mpaka mjomba wako alipokuja kukuchukua. Nakujua ukificha jambo. Huwa unaanza kusifu mapishi yangu.

Shangazi yako,
Rukiah


Marekani
24 Septemba 1996

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaikum salaam wa rahmatullah. Mimi nakula, tena nakula kwa amri ya kocha. Nashukuru kusikia habari za nyumbani, pole na goti, na mwambie Sumayiya hasira ni dalili ya mtoto wa kike. Naishi bado na Barnabé, yule Mkongo wa Bukavu niliyekutajia. Ananicheka Kiswahili changu, anasema kinanuka barafu. Lakini ndiye mtu pekee hapa ninayeweza kumwambia nimechoka akaelewa ni uchovu gani.

Umeuliza, nami nakujibu. Mwaka wangu wa kwanza huku, kijana mmoja aliiba baiskeli yangu nje ya shule. Nilimkimbiza kwa miguu, nikamrukia, tukaanguka wote na baiskeli. Mwalimu wa michezo alikuwa dirishani. Badala ya kuniadhibu akaniambia nije uwanjani kesho yake. Ndiyo ilivyoanza, Shangazi, sikuomba. Chuo kikuu walinichukua kwa ajili ya mchezo huu. Miaka miwili nikawa napiga magunia na kupigwa na wakubwa, miwili iliyofuata nikacheza. Siku ambazo timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo, nilikaa karibu na simu na mjomba. Yakaitwa majina mamia, langu halikuitwa.

Halafu timu hii ikanialika kambini bila ahadi. Kambini kuna mtu ambaye kazi yake ni kukugusa bega. Anapita asubuhi mnapokunywa chai, na akikugusa, unarudisha vitabu vyako vya mbinu unakwenda kwenu. Hakuna anayeinua macho anapopita. Mwaka jana alinigusa. Baadaye wakaniita tena, nikawa mtu wa mazoezini: kila wiki najifanya mchezaji wa wapinzani ili wenzangu wajifunze kumpiga. Mwaka huu aliye mbele yangu ameumia goti, na nafasi imekuwa yangu.

Mimi ni mlinzi wa nyuma kabisa. Mwenye mpira akiwapita wengine wote, nimebaki mimi. Akinipita mimi, nyuma yangu hakuna mtu. Ndiyo sababu tunapiga kwa nguvu. Usiogope, tunavaa kofia ngumu na mito mabegani.

Mchezo wangu wa kwanza wa kuanza ni tarehe sita Oktoba. Barnabé atatega mashine irekodi yenyewe akiwa kazini, na Jumatatu asubuhi kanda ataipeleka kwa padri mmoja rafiki yake, Tarcisio, anayesafiri kuja Kampala. Akram aionyeshe kibandani. Nataka mnione.

Wako,
Taban


Kisenyi, Kampala
10 Novemba 1996

Mwanangu, kipenzi changu,

Leo salamu nitazifupisha, maana nina mengi ya kusema. Wote wazima, goti lipo.

Kanda ilifika. Padri Tarcisio aliileta mwenyewe kwa mguu, amefunika kichwa kwa gazeti kwa jua, nikamlisha samaki mpaka akaomba msamaha. Akram akatangaza mtaani. Jumapili ile kibanda kilijaa kuliko siku ya filamu ya karate. Wazee walikaa mbele, wanawake nyuma pamoja nami, na waliokosa nafasi wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Mashine ya Akram haikuelewana na kanda ya Marekani, kwa hiyo picha ikatoka bila rangi, lakini tulikutambua kwa namna unavyotembea, kama marehemu babu yako.

Unamkumbuka Odur? Mtoto wa kambi ya jeshi, wa kabila la Lango, aliyekua nasi. Siku hizi ndiye msimulizi wa Akram. Filamu zinakuja kwa Kizungu, yeye anapunguza sauti yao, anashika mikrofoni na kutusimulia kwa Kiswahili na Kiganda, na asichokielewa anakitunga, watu wanafurahi zaidi. Basi akasimulia na mchezo wako. Banange, tulicheka. Kila ukimwangusha mtu anasema, "Huyo alikuwa hajalipa kodi."

Halafu ikafika ile. Mwenye mpira akawapita wote, ukabaki wewe. Mkagongana, tukasikia mlio hata sauti ikiwa chini. Yeye akainuka, wewe ukabaki umelala. Odur akasema mshindi anapumzika. Wakaja watu wazima wenye mashati meupe wakakuzunguka, na mara wachezaji wote, wenu na wa upande wa pili, wakapiga magoti. Odur akapaza sauti: "Hata maadui wamempigia magoti mtoto wa Kisenyi!" Kibanda kikalipuka. Wakakulaza juu ya ubao, wakakufunga mikanda usianguke, wakakupandisha kwenye gari dogo lisilo na paa na kukuzungusha mbele ya watu wote, na uwanja mzima ukasimama kukupigia makofi, nawe ukainua kidole gumba kutusalimia. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sisi mwenye kubebwa hivyo ni bwana harusi peke yake.

Ijumaa iliyofuata nikafanya karama, sadaka yetu ya shukrani. Sikutaka kuchelewa kumshukuru Mungu. Tulichinja mbuzi wawili, sheikh akasoma dua, wanawake wenzetu wa Kinubi wakaja kutoka Bombo na mikate yao ya gurusa, na jina lako likatajwa katika kila dua. Mtaa huu haujapata kunifurahia hivi.

Sasa niandikie, uniambie ile heshima ilikuwa ya nini hasa, maana watu wananiuliza na Odur naye hajui.

Shangazi yako mwenye furaha,
Rukiah


Marekani
12 Desemba 1996

Shangazi Rukiah,

Salamu nyingi kwako na kwa wote. Utaona mwandiko si wangu. Namwambia Barnabé anaandika, mkono wangu umechoka kidogo kwa mazoezi. Ni jambo la kawaida.

Nimesoma habari za karama. Mungu awalipe wote. Nilisoma mara moja tu, halafu Barnabé akanisomea tena. Huku baridi imeshika. Nimepumzishwa kwa sasa, msimu karibu unaisha, mwakani Inshallah nitaendelea.

Hakuna chakula huku kinachofikia gurusa zako, Shangazi. Na yule samaki wako wa kukaanga, na mchuzi wa bamia. Hapa watu hawajui kupika kabisa.

Wasalimie wote. Kanda muiweke tu, msiichezeshe sana, itaharibika.

Taban


Kisenyi, Kampala
15 Januari 1997

Taban,

Assalaam alaikum. Hapa hakuna mgonjwa. Wewe je?

Nimesoma barua yako nikafika kwenye bamia, nikaiweka chini. Mkono gani unachoka wiki nyingi hata ushindwe kushika kalamu? Nikatoka na kitambaa cha jikoni begani, nikaenda kibandani asubuhi kabla wateja hawajafika. Odur alikuwa anafagia. Nikamtoa nje. Nikamwambia Akram weka ile kanda, na sauti uipandishe, nisimsikie mtu yeyote wa Kisenyi.

Kizungu changu ni cha darasa la saba lakini kilinitosha. Watangazaji walikuwa wanapayuka kama Odur tu, halafu mkagongana, wakanyamaza wote wawili. Uwanja mzima ule wa watu ukanyamaza. Sisi tulikuwa tunapiga vigelegele juu ya ukimya ule, ndiyo maana hatukuusikia. Baadaye mtangazaji mmoja akasema polepole kwamba hasogei, na mwenzake akamwomba Mungu. Wale hawakupiga magoti kwa ajili yako. Walipiga magoti kumwomba Mungu.

Nikamwambia Akram airudishe, nikatazama miguu yako. Usiniulize nimejuaje tofauti ya miguu iliyolala na miguu isiyokuwepo. Naijua. Akram alikaa kwenye benchi akajifunika uso.

Nilimchinjia Mungu mbuzi siku ambayo wewe pengine ulikuwa hujijui. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Nakuuliza mara moja, kwa mwandiko wako au wa Barnabé, sijali: unatembea?

Mtaani sijamwambia mtu. Wananisalimia kama mke wa gavana nami naitikia.

Rukiah


Marekani
20 Februari 1997

Shangazi yangu,

Natembea. Nimeanza na hilo, salamu zifuate. Natembea, navaa shati mwenyewe, na haya ni maandishi yangu, ingawa yanacheza kama unavyoyaona.

Nisamehe. Barnabé aliitoa kanda mashinini asubuhi bila kuitazama, padri alikuwa na ndege ya kuwahi. Nilipopata akili nikauliza kanda iko wapi, akashika kichwa. Halafu ikaja barua yako ya furaha. Ningekuambiaje, Shangazi? Ulikuwa umekwisha kuchinja.

Ilikuwa hivi. Nilimvaa yule mtu nimeinamisha kichwa, kosa ambalo tunafundishwa tusilifanye tangu shule. Mara sikuwa na mwili. Niliona nyasi, nikasikia watu, lakini kuanzia shingoni hapakuwa na kitu changu. Kile kidole gumba ndicho kitu cha kwanza kurudi, nikakiinua ili kocha aone. Kulipokucha miguu ikarudi, ikiungua kama imemwagiwa pilipili. Mkono wa kulia ndio ulichelewa.

Sasa nisikilize. Daktari wa timu amepiga picha, anasema mfupa umepona na naweza kurudi. Barnabé alinipeleka kwa daktari mwingine wa nje. Huyo anasema tundu la mfupa wa shingo yangu ni jembamba tangu kuzaliwa, na pigo lingine kama lile, basi. Sikumwomba amalizie. Nimeamua kumsikiliza wa kwanza. Kambi inafunguliwa mwisho wa Julai na kocha ameniwekea nafasi, hii mara moja. Mlinzi asiyeonekana mwaka huu, mwakani hata jina lake hawalikumbuki. Nimetoka mbali mno kuguswa bega sasa.

Nakuomba mambo mawili. Usiwaambie watu. Waache na ile picha waliyoiona, mimi nitaifanya iwe kweli. La pili, nisimulie habari za Baba. Mjomba anasema walipokuwa wanakimbilia Sudan mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipopinduliwa, askari wenzake waliondoka, yeye akabaki darajani. Wewe ulikuwepo. Hukuwahi kuniambia hata neno. Kama yeye hakuogopa risasi, mimi mwanawe niwaogopeje vijana wenye mpira? Niandikie alikuwaje siku ile, nitaisoma barua hiyo kabla ya kuingia uwanjani.

Taban


Kisenyi, Kampala
30 Machi 1997

Mwanangu,

Alhamdulillahi kwa miguu. Nimelia nikamaliza, nimeosha uso, naandika. Sumayiya amejifungua mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti ya muuza maji.

Kucheza sikupi ruhusa. Umeniambia madaktari wawili, mmoja anakula kwa kazi yako na mwingine hali. Hata muuza nyanya angejua amwamini yupi. Hukuzaliwa uwe ukuta wa watu wengine.

Nikwambie jambo nililoliona juzi. Watoto wa hapa uani wanacheza mchezo wako. Wanavaa sufuria kichwani, wanakimbizana, na mwisho mmoja analala chini anyooke kabisa, wengine wanapiga magoti wakimzunguka, halafu wanamweka kwenye mkokoteni wa mitungi na kumzungusha wakipiga makofi. Wanagombana nani awe wa kulala. Wanamwita Taban. Niliwafukuza kwa mwiko, mama zao wakanishangaa.

Kuhusu baba yako, leo sina nafasi. Samaki wananingoja.

Rukiah


Kisenyi, Kampala
10 Julai 1997

Taban,

Salamu, kama wa kusalimiwa yupo. Aprili hakuna barua, Mei hakuna, Juni hakuna. Yule bwana wa posta akiniona anatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara, kunipunguzia safari. Nimekwenda kupiga simu, ikaitikia mashine yenye sauti ya Barnabé. Niliisalimia mashine, nikaiuliza habari za nyumbani kwao, ikakata.

Tuliachana kwa ukali, najua. Umenuna kama ulivyokuwa ukinuna ukiwa mdogo, na mimi sikukujibu ulichouliza. Lakini Julai imefika. Kama umekwenda, nijue. Kila mtu akiniita nje kwa haraka naacha samaki waungue. Ukinuna, nuna kwa maandishi.

Rukiah


Marekani
2 Agosti 1997

Shangazi,

Salaam alaikum. Barnabé anakusalimu, anasema mashine imehifadhi maneno yako na hataki kuyafuta. Hongera kwa mjukuu. Nilinuna, ndiyo. Niliona kama umeninyima baba yangu.

Nilikwenda kambini. Siku za mwanzo ni za mbio na mbinu tu, hakuna kugongana, na nilikuwa mwepesi, kocha akanipiga mgongoni mbele ya wengine. Jumatano tukavaa kila kitu. Wakampa mpira kijana mgeni, ndiyo kwanza ametoka chuo, mwenye kutaka kuonekana kama nilivyotaka mimi. Akawapita wa kwanza, akawapita wa pili, akaja.

Nilikuwa mahali pangu. Nilijua atakwenda upande gani kabla yeye hajajua. Magoti yangu yakajikunja, bega likashuka, kila kitu kilikwenda peke yake kama miaka yote. Halafu nikatoka njiani. Nilimpisha, Shangazi. Akapita akakimbia mpaka mwisho peke yake, akageuka kunitazama, hakuelewa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kocha akaniita pembeni, akaniuliza kama niliteleza. Alikuwa ananipa njia, akitaka niseme niliteleza. Nilikwisha kufungua mdomo nikubali. Nikamwambia, "Hapana. Nimeogopa." Akaitazama nyasi, akasema, "Ahsante kwa kuniambia." Asubuhi yake, kwenye chai, nilimwona yule mtu anakuja na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyeinua macho. Nilisimama kabla hajanigusa.

Sasa niko chumbani kwa Barnabé na mabegi yangu. Sina kazi nyingine ninayoijua. Nina miaka ishirini na minne na jambo pekee nililokuwa nalifanya vizuri nimeliogopa mbele ya watu. Baba alibaki darajani, mimi nimepisha njia. Uwaambie nini watu wa Kisenyi, sijui. Waambie upendavyo. Wewe ndiye uliyechinja.

Taban


Kisenyi, Kampala
28 Agosti 1997

Taban mwanangu,

Nimeipata leo asubuhi, nimefunga biashara, samaki nimewaachia majirani. Sisi wazima. Salamu ndizo hizo.

Watu nimekwisha kuwaambia. Niliwakuta kwa Akram wakisubiri filamu, nikaingia na barua yako mkononi, nikawaeleza kuanzia mgongano mpaka chai. Mzee mmoja akasema basi ile karama ilikwenda mahali pake, maana mtu aliyetoka mautini ndiye anayechinjiwa. Odur alikuja baadaye jikoni, akasimama mlangoni. Nikamwambia akae ale, na vigelegele nilipiga mimi, si yeye.

Sasa swali lako la Februari. Nilikunyima jibu kwa sababu ulitaka uingie nalo uwanjani.

Baba yako alibaki darajani, ni kweli. Aliambiwa na wakubwa wake aondoke, aliombwa na mama yako, aliombwa na mimi nikiwa nimekubeba wewe mgongoni, mguu wako umevimba. Akasema yeye si mtu wa kukimbia. Adui tuliyemkimbia hakupita njia ile, siku ile wala siku iliyofuata. Lililokuja ni lori la watu wetu wenyewe, nao wanakimbia, wakaona mtu mwenye bunduki amesimama katikati ya barabara na vumbi. Hakutoka njiani. Wakapiga risasi, wakapita, hawakusimama.

Tulisikia, nikakuacha kwa mama yako nikarudi. Alikuwa anazungumza vizuri kabisa. Aliniuliza mbona nimeweka jiwe juu ya miguu yake, naye hakuwekewa kitu. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa mkaa, tukamsukuma mpaka jua likazama. Mama yako alikuwa anakuimbia usigeuke. Hakufika kwenye mto wa mpakani.

Watu wakaja kunipa pole, wakasema, kaka yako hakuogopa. Nimeyasikia maneno hayo miaka kumi na minane, yakisemwa kama zawadi, na kila mara nimeitikia Alhamdulillahi, na kila mara nimetaka kumtukana aliyeyasema. Nilitaka aogope, Taban. Kidogo tu. Aogope atoke njiani lori lipite, arudi kwetu na aibu yake, tumpikie, tumcheke.

Babu yako hakuogopa. Kaka zangu wengine wawili hawakuogopa. Wote hao habari zao nililetewa na watu wengine, wamesimama mlangoni, kofia mkononi. Wewe habari yako umeniandikia mwenyewe.

Shangazi yako,
Rukiah